Game Boy na Game Gear, DS na PSP, Deck na Ally: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mahasimu wa gemu za mkononi

Kila kizazi cha konsoli za mkononi kina ugomvi wake, na mashabiki wengi wanaujua ugomvi mmoja tu, ule wa utotoni mwao. Aliyekua na PSP atakusimulia habari za DS usiku kucha. Aliyenunua Steam Deck atakusimulia habari za ROG Ally. Ukizitazama zote kwa pamoja, kuanzia 1989 mpaka leo, unaona mambo ambayo ugomvi mmoja peke yake hauyaonyeshi. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuzitazama hivyo.

Kwa nini tulinganishe mashine za miaka tofauti, wakati hazikuwahi kukaa kwenye rafu moja?

Kwa sababu waliozitengeneza walibanwa na mambo yale yale. Konsoli ya mkononi lazima ibebeke, iwake muda wa kutosha mbali na umeme wa ukutani, ionekane vizuri mchana, na bei yake isimkimbize mnunuzi. Ukiongeza kimoja, kingine kinapungua. Kioo kikubwa chenye mwanga kinakula betri, betri kubwa inaongeza uzito, prosesa yenye kasi inatoa joto, na joto linadai feni. Mwaka 1989 hesabu ilikuwa hiyo, na leo ni hiyo hiyo.

Msimamo wangu, utakaouona katika majibu mengi hapa chini, ni kwamba ule usemi maarufu wa mashabiki, kuwa mashine dhaifu humshinda mwenye nguvu, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine haisemwi sana: konsoli zilizoshindwa ndizo zilizobuni mengi tunayoyafurahia sasa. Zilitoka mapema mno, kabla betri na vioo havijaweza kubeba zilichokuwa zikikitaka.

Mahasimu wakuu ni akina nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni Game Boy ya Nintendo dhidi ya Atari Lynx, Sega Game Gear na TurboExpress ya NEC. Mwishoni mwa miaka hiyo ni Game Boy Color dhidi ya Neo Geo Pocket Color ya SNK na WonderSwan ya Bandai. Kisha Nintendo DS na Sony PSP, halafu 3DS na PS Vita. Tangu 2017 kuna Switch, na tangu 2022 kumetokea uwanja mwingine kabisa wa kompyuta za mkononi za gemu: Steam Deck, ROG Ally, Legion Go na wenzao.

Game Boy iliwezaje kushinda wakati haikuwa hata na rangi?

Tuanze na vipimo, maana kwa vipimo Game Boy ilistahili kupigwa vibaya. Ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, na Marekani mwishoni mwa Julai mwaka huohuo kwa takriban dola 90. Kioo chake kilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya kivuli juu ya mandhari ya kijani iliyofifia. Taa hakikuwa nayo, na kitu kikipita kwa kasi kiliacha ukungu nyuma yake. Miezi michache baadaye Atari ikaleta Lynx kwa takriban dola 180, yenye rangi, mwanga nyuma ya kioo, na saketi maalumu ya kukuza na kupunguza picha. Ilibuniwa ndani ya kampuni ya Epyx na RJ Mical na Dave Needle, watu waliotoka kwenye timu ya kompyuta ya Amiga. Iliweza hata kugeuza picha juu chini ili anayetumia mkono wa kushoto acheze kwa raha, fadhila ambayo konsoli chache zimewahi kumfanyia mtu huyo. Game Gear ikafuata Japani Oktoba 1990 na Marekani mwaka uliofuata kwa dola 150, ikiwa na ukoo mmoja na Master System ya sebuleni, na kifaa cha ziada kilichoigeuza kuwa televisheni ndogo.

Sasa hesabu ya betri. Game Boy ilitumia betri nne za AA na kuwaka saa 15 na zaidi. Lynx ilitaka sita na kuzimaliza kwa saa nne au tano. Game Gear nayo sita, kwa saa tatu hadi tano. Kwa hiyo aliyenunua Game Gear alinunua na matumizi ya kila wiki, na wengi waliishia kucheza wameketi kando ya soketi, adapta imechomekwa. Mashine ya mkononi isiyoweza kuondoka ukutani imepoteza kazi yake.

Nyuma ya Game Boy alikuwapo Gunpei Yokoi na wahandisi wenzake wa Nintendo. Yokoi ndiye aliyeanzisha Game & Watch mwaka 1980 kwa kutumia vioo vya aina iliyokwisha kuzagaa kwenye vikokotoo vya mfukoni, na kitufe cha msalaba tunachokijua kilitokea kwenye Donkey Kong ya mfululizo huo mwaka 1982. Imani yake ilikuwa kwamba teknolojia iliyokomaa na kushuka bei, ikipewa matumizi mapya, inazaa zaidi kuliko teknolojia ya kisasa isiyozoeleka. Kioo hafifu cha Game Boy kilichaguliwa kwa makusudi, na muundaji wake alijua anachokiacha.

Lakini betri peke yake haikutosha. Marekani Game Boy iliuzwa ikiwa na Tetris, gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, ndani ya boksi, baada ya Henk Rogers kumshawishi Minoru Arakawa wa Nintendo kwamba Tetris ingewafikia watu wa kila umri, jambo ambalo Mario asingelifanya. Tetris haihitaji rangi wala haisumbuliwi sana na ukungu wa kioo. Mashine na gemu zilifaana kabisa. Halafu kulikuwa na waya wa kuunganisha Game Boy mbili, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa nyongeza ya kawaida tu, mpaka Februari 1996 Satoshi Tajiri na wenzake walipotoa Pokémon Red na Green, gemu ambazo huwezi kukusanya viumbe vyote bila kubadilishana na mtu mwingine. Game Boy ilikuwa na umri wa karibu miaka saba, ikaanza upya.

Game Boy na Game Boy Color kwa pamoja ziliuzwa milioni 118.69. Game Gear iliuzwa milioni 10.62, na Lynx haikufika hapo.

Kumbe kanuni ni bei nafuu na betri ya kudumu?

Hapana, na WonderSwan ndiyo ushahidi. Ni konsoli ninayoipenda kuliko zote katika orodha hii, na inasikitisha kwamba nje ya Japani watu wengi hawajawahi kuisikia.

Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996, akaanzisha kampuni yake, Koto, na kubuni mashine mpya kwa ajili ya Bandai. Alifariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997 kabla haijakamilika. WonderSwan ilitoka Machi 1999 kwa yen 4,800. Ilitumia betri moja tu ya AA na kuwaka karibu saa 30. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na iliweza kushikwa wima au mlalo kulingana na gemu. Kwa maneno mengine, kila kilichoifanya Game Boy iishinde Game Gear, WonderSwan ilikuwa nacho kuliko Game Boy yenyewe, na mbunifu alikuwa yule yule.

Neo Geo Pocket Color nayo ilitoka mwaka huohuo. Betri mbili za AA, saa zipatazo 40, na kijiti chenye kutoa mlio wa kubofya ambacho wacheza gemu za mapigano wanakisifu mpaka leo.

Zote mbili zilizimika. Game Boy Color ilikuwa na Pokémon, na ilisoma katriji (vibweta vinavyobeba gemu) za miaka kumi iliyopita. Mtu aliyekuwa na marafiki watano wenye Game Boy hakuweza kubadilishana nao kiumbe hata kimoja kupitia WonderSwan. Bandai ilipata bahati ya kampuni ya gemu ya Square kuleta matoleo mapya ya mfululizo wake wa Final Fantasy kwenye WonderSwan Color, kwa kuwa uhusiano wa Square na Nintendo wakati huo ulikuwa umeharibika, na kwa muda mfupi ushindani ulionekana wa kweli. Kisha Game Boy Advance ikatoka Machi 2001, na Square nayo ikarudi Nintendo. SNK kwa upande wake iliondoa mashine yake kwenye masoko ya nje ya Japani mwaka 2000.

Kwa hiyo betri na bei ni kibali cha kuingia uwanjani tu. Ukikosa kibali hicho unashindwa mapema kama Lynx. Ukiwa nacho bado unahitaji gemu ambayo watu wanacheza pamoja, na mahasimu wengi walikuja bila hiyo.

Je, PSP ilikuwa Game Gear ya pili?

Wengi husema hivyo, nami naona wanaionea PSP.

Mfanano upo. DS ilitoka Marekani tarehe 21 Novemba 2004 kwa dola 150, na PSP ikatoka Japani tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, kisha Marekani Machi 2005 kwa dola 250. DS ilikuwa na vioo viwili vidogo vya pikseli 256 kwa 192, na picha zake za pande tatu zilikuwa za kukwaruza. PSP ilikuwa na kioo kimoja kipana cha inchi 4.3 chenye pikseli 480 kwa 272, muziki, filamu, na gemu zilizokaribia za PlayStation 2. Watu waliiona dukani na kusimama. Na kama ilivyokuwa kwa Game Gear, uzuri ule ulikuwa na gharama: diski ya UMD ilizungushwa na mota, ikala chaji na kumfanya mchezaji asubiri gemu ipakiwe.

Lakini Game Gear haikuwahi kupata watu wake. PSP iliwapata. Iliuzwa zaidi ya milioni 75, idadi ambayo mpinzani yeyote wa Nintendo kwenye mkono hajawahi kuifikia kabla wala baada yake. Na Japani kilichoiinua ni kile kile kilichoiinua Game Boy, yaani watu waliokaa meza moja. Mfululizo wa Monster Hunter uliwakutanisha wachezaji wanne wanne, kila mmoja na PSP yake, wakiwinda mnyama mmoja bila waya. Pokémon ilikuwa imepata mwenzake, safari hii upande wa pili wa uwanja.

DS yenyewe haikuanza na uhakika wowote. Nintendo iliitambulisha kama nguzo ya tatu, kando ya Game Boy Advance na konsoli yake ya sebuleni, GameCube, ikijiachia mlango wa kurudi nyuma endapo vioo viwili vingekataliwa. Kisha mwaka 2005 zikaja Nintendogs na gemu za mazoezi ya ubongo, na wazazi na wazee ambao hawakuwahi kushika kitufe cha msalaba wakaanza kugusa kioo kwa kalamu. DS ilifika milioni 154.02. Haikupata ushindi huo kwa kuwanyang'anya Sony wachezaji. Ilikwenda kuwatafuta watu ambao hakuna aliyekuwa amewaita, na hapo inafanana na Tetris ndani ya boksi la Game Boy kuliko inavyofanana na kitu kingine chochote.

3DS na Vita: nani alikosea?

Wote wawili, ila mmoja alijirekebisha.

3DS ilitoka Februari 2011 Japani na Machi Marekani, kwa dola 250. Ilikuwa bei ya PSP, na watu waliikataa. Kufikia Agosti mwaka huohuo Nintendo ilishaishusha hadi dola 170, ikawapa walionunua mapema gemu 20 za zamani bila malipo, na rais wake Satoru Iwata akakata nusu ya mshahara wake. Vita ilipotoka Japani tarehe 17 Desemba 2011, ilikuta hasimu aliyekwisha kupona. Na wiki moja kabla ya siku hiyo, toleo jipya la Monster Hunter lilikuwa limetoka. Kwenye 3DS. Sony ilipoteza gemu iliyoijenga PSP kabla hata Vita haijafika dukani.

Vita ilikuwa mashine ya kupendeza mno. Kioo cha OLED cha inchi 5 chenye pikseli 960 kwa 544, vijiti viwili kamili, sehemu ya kugusa mgongoni. Lakini ilidai kadi zake yenyewe za kumbukumbu, zisizotumika kwenye kifaa kingine chochote, na ile ya gigabaiti 32 iliuzwa Marekani dola 100. Kadi ile ndiyo betri sita za Game Gear zikiwa zimebadilisha sura: gharama inayokungoja baada ya kulipia mashine. 3DS ilipokea kadi za SD za kawaida na ikafikia milioni 75.94. Vita haikukaribia.

N-Gage ya Nokia ihesabiwe?

Ihesabiwe, na kwa heshima. Ilitoka Oktoba 2003 kwa dola 299, simu na konsoli katika mwili mmoja. Makosa yake yanajulikana: ilibidi utoe betri ili ubadilishe gemu, kioo kilisimama wima, na kupiga simu ulishika ubavu wa kifaa sikioni. Toleo la QD la 2004 lilirekebisha mengi, kwa kuchelewa. Ila wazo kwamba gemu za mkononi zitahamia kwenye simu lilikuwa sahihi, na Julai 2008 App Store ya iPhone ilipofunguliwa, lilianza kutimia kwa mamilioni ya watu. Mpinzani aliyewapunguzia 3DS na Vita wateja wengi zaidi alikuwa simu janja.

Mawazo ya konsoli zilizoshindwa yalikwenda wapi?

Yalirudi, karibu yote, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika historia hii.

Chukua mguso. Mwaka 1997 kampuni ya Tiger ilitoa Game.com, yenye kioo cha kugusa, kalamu, na modemu ya kuiunganisha na intaneti. Kioo chake kilikuwa cheusi na cheupe chenye ukungu mbaya, na gemu zake nyingi hazikustahili pesa ya mtu. Miaka saba baadaye DS ikafanya jambo lile lile la kalamu, na dunia ikashangilia.

Chukua mwanga wa nyuma wa kioo. Lynx ilikuwa nao 1989. Nintendo ilitoa Game Boy Advance mwaka 2001 ikiwa bado haina taa yoyote, mpaka watu wakawa wanacheza wamejipinda chini ya balbu. Advance SP ya 2003 ilileta mwanga wa mbele na betri ya kuchaji. Kwa hiyo Lynx ilikuwa imesema kweli kuhusu macho ya watu. Kilichokosekana mwaka 1989 ni betri ya kuchaji iliyo nyepesi na nafuu.

Chukua gemu za sebuleni kuzichezea safarini. TurboExpress ya 1990, kwa dola 250, ilisoma kadi zile zile za konsoli ya nyumbani ya TurboGrafx-16. Sega Nomad ya 1995, iliyouzwa Amerika ya Kaskazini, ilisoma katriji za Genesis, konsoli ya nyumbani ya Sega, na iliweza kuunganishwa na televisheni. Zilimaliza betri kwa saa chache na zikaondoka. Soma tena sentensi kuhusu Nomad: mashine ya mkononi, inayocheza gemu kamili za nyumbani, unayoweza kuichomeka kwenye televisheni. Hiyo ni Switch, miaka 22 kabla ya wakati wake.

Chukua hata PSP Go ya 2009, isiyo na nafasi ya diski, iliyotaka kila gemu ipakuliwe. Ilichekwa. Steam Deck nayo haina nafasi ya katriji, na hakuna anayelalamika.

Nintendo yenyewe imo humu. Virtual Boy ya Yokoi, ile ya 1995 iliyoonyesha picha nyekundu za kina kupitia miwani ya mezani, ilifutwa ndani ya mwaka. 3DS ilirudi na kina cha picha bila miwani.

Switch ina hasimu?

Ilipotoka tarehe 3 Machi 2017, haikuwa naye. Sony ilikuwa imeiacha Vita ijifie taratibu. Switch ilitumia chipu ya Tegra X1 ya Nvidia, ambayo ilikuwa imekwisha kuuzwa ndani ya vifaa vingine tangu 2015, uamuzi ambao Yokoi angeutambua mara moja. Ikachukua wazo la TurboExpress na Nomad, ikasubiri mpaka betri ziwe tayari kwa saa mbili na nusu hadi sita na nusu, na imeuzwa zaidi ya milioni 150. Switch 2 ilifuata tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 450, ikiwa na kioo cha inchi 7.9. Kwa mara ya kwanza Nintendo inaingiza mashine ya mkononi sokoni kwa bei inayozidi ya Steam Deck ya kwanza. Zamani aliyekuwa juu kwa bei alikuwa hasimu wake.

Steam Deck na ROG Ally zinarudia ugomvi wa Game Boy na Game Gear?

Kwa mwaka wa kwanza, ndiyo, kwa namna ya kushangaza. Steam Deck ilitoka Februari 2022 kuanzia dola 399, kioo cha pikseli 1280 kwa 800, na betri ya saa-wati 40 (saa-wati ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri). ROG Ally ya ASUS ilikuja Juni 2023 kwa dola 699 ikiwa na kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 chenye kuonyesha picha upya mara 120 kwa sekunde, na prosesa yenye nguvu kuliko ya Deck. Betri yake? Saa-wati 40 vilevile. Injini kubwa, tangi lile lile. Waliokuwa na Game Gear walijua kitakachofuata.

Legion Go ya Lenovo ilikwenda mbali zaidi, ikaweka kioo cha inchi 8.8 chenye pikseli 2560 kwa 1600. Ni kizuri kukitazama, ila gemu nyingi nzito hulazimika kupunguziwa picha ili ziende.

Baada ya hapo mfanano unavunjika, na tofauti ni mbili. Kwanza, mpinzani alijifunza ndani ya mwaka mmoja: Ally X ya 2024 ilikuja na saa-wati 80, mara mbili kamili. Sega haikuwahi kufanya hivyo na Game Gear. Pili, na hili ni kubwa zaidi, gemu ni zile zile. Mwaka 1991 ukinunua Game Gear ulikuwa umejifungia nje ya Tetris na waya wa rafiki yako. Leo maktaba yako ya Steam, duka la gemu za kompyuta la Valve, kampuni iliyotengeneza Deck, inafunguka kwenye Deck, kwenye Ally na kwenye Legion Go. Silaha iliyoiua WonderSwan haipo tena kwenye uwanja huu. Kinachobaki kushindaniwa ni mazoea ya matumizi: kuzima katikati ya vita na kuwasha palepale bila hofu. Hilo SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, inalifanya vizuri kuliko Windows, na ndiyo sababu Lenovo ilianza kuuza Legion Go S yenye SteamOS mwaka 2025, na Microsoft ikaandaa mwonekano wa skrini nzima kwa ajili ya ROG Xbox Ally ya Oktoba mwaka huo.

PlayStation Portal ni konsoli ya mkononi?

Sivyo inavyotumika neno hilo hapa. Ilitoka Novemba 2023 kwa dola 200, na gemu zake huendeshwa kwingine, kwenye PS5 yako au kwenye seva, kisha picha inatiririshwa. Ndugu yake wa karibu ni kile kishikio chenye kioo cha Wii U cha mwaka 2012, si Vita.

Nitazame namba gani ninapolinganisha mashine mbili?

Saa-wati za betri, gawa kwa wati ambazo gemu unayoipenda inazitumia. Hiyo inakupa saa zako halisi. Kisha uzito kwa gramu. Kasi ya prosesa ije ya tatu. Na usilinganishe megahezi za familia mbili tofauti za prosesa kana kwamba ni kipimo kimoja. Lynx na Game Boy zilikaribiana kwa megahezi, na picha zao hazikukaribiana kabisa.

Nataka kununua konsoli ya zamani. Nikague nini?

Game Gear: ulizia kapasita, vile vipande vidogo vya saketi vinavyohifadhi umeme. Zile za kiwandani huvuja kwa umri, sauti inafifia na kioo kinakuwa giza, na nyingi zilizobaki zinahitaji kubadilishiwa zote. Kama muuzaji hajui unaongelea nini, chukulia hazijabadilishwa na punguza bei unayotoa. Game Boy ya kwanza: tazama mistari ya wima iliyokufa kwenye kioo, ambayo mara nyingi hurekebishika kwa kupasha joto muunganiko wake, na fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu. PSP: mfuniko wa UMD ufunge sawasawa na betri isiwe imevimba. Betri iliyovimba usiichaji hata kwa kujaribu. Vita: hakikisha inakuja na kadi ya kumbukumbu, kwa sababu iliyoelezwa juu. DS: gusa kila kona ya kioo cha chini.

WonderSwan haina tabu kubwa, isipokuwa gemu nyingi ni za Kijapani.

Gemu nilizonunua zitahamia kwenye mashine inayofuata?

Hili swali limeamua ushindani mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Game Boy Color ilisoma katriji za Game Boy, Game Boy Advance ikazisoma zote mbili, DS ikasoma za Advance, na 3DS ikasoma za DS. Aliyehama hakuacha vitu vyake. Upande wa pili, Game Gear haikupata mrithi yeyote wa kusoma katriji zake, na Vita haikuwa na mahali pa kuingiza UMD. Japani Sony iliweka mpango wa kulipia kiasi fulani na kupata nakala ya kupakua ya baadhi ya gemu. Kwingine mwenye rafu ya UMD alibaki nayo na PSP yake.

Mnyororo wa Nintendo nao ulikatika mwaka 2017, Switch ilipokuja bila kusoma kadi za 3DS, kisha ukaunganishwa tena Switch 2 ilipopokea sehemu kubwa ya gemu za Switch. Kwa gemu za kupakuliwa hali ni ngumu zaidi. Duka la 3DS lilisitisha mauzo tarehe 27 Machi 2023. Sony ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingefunga duka la Vita, wachezaji wakapinga, na ikabadili uamuzi, lakini kilichoahirishwa kinaweza kurudi. Ukiwa na Vita au 3DS, pakua sasa kila ulichokinunua, weka nakala ya kadi yako kwenye kompyuta, na andika pembeni jina la akaunti iliyotumika. Bila akaunti hiyo, nakala nyingi hazitafunguka.